Paka Hashibi kwa Wali

Maswali ya wasomaji: wanyama wa nyumbani

SWALI: Asalaam aleikum. Nina paka jike wa miaka mitatu, uzito wake kilo nne hivi. Tangu udogo wake nampa wali uliobaki, nauchanganya na vichwa vya samaki na miiba. Siku ya papa mkavu naye hupata kipande. Sahani huimaliza yote. Lakini miezi hii manyoya yamechakaa, na usiku naona anajigonga kwenye miguu ya viti. Mama mkwe asema ni uzee. Ni uzee au ni chakula?
*Msomaji, Kibokoni*

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Miaka mitatu si uzee. Paka anayetunzwa vizuri hufika miaka kumi na tano. Paka anayejigonga gizani apelekwe kwa daktari wa mifugo wiki hii, maana yapo maradhi kadhaa yanayoharibu macho. Hata hivyo chakula ulichokieleza ndicho tunachokishuku kwanza, na hata kama macho yana sababu nyingine, sahani hiyo lazima ibadilike.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini (kirutubisho kilichomo ndani ya nyama) ya kutosha, wala hauwezi kuigeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama ufanyavyo mwili wa mtu. Vyote hivyo hana budi kuvipata tayari ndani ya nyama. Taurini ikipungua kwa miezi mingi, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga hufa, na moyo hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huo ndio uliokuwa ukisababisha ugonjwa wa moyo kwa paka wengi, wakiwemo waliolishwa vyakula vya kiwandani, na kwamba wengi walipopewa taurini mioyo yao ilipona. Jicho halina bahati hiyo: sehemu iliyokufa hairudi. Kwa hiyo tunakuhimiza usingoje.

Utasema, mbona samaki anakula? Tazama sahani yenyewe. Kichwa cha tafi kina nyama ya vijiko viwili tu. Taurini huyeyuka katika maji ya kuchemshia, na maji hayo yameingia kwenye mchuzi wa watu. Paka amebakiwa na wanga. Tumbo limejaa, na mwili una njaa.

Samaki naye ana masharti yake. Akiwa mbichi, aina kadhaa, hasa za jamii ya dagaa, zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka hupoteza hamu ya kula, kisha shingo huinama mpaka kidevu kikaribie kifua, kisha hushikwa na degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho, basi samaki apikwe. Jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi, wakiliwa kila siku, humaliza vitamini E. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huvimba na kuuma, paka akawa hataki kushikwa. Papa mkavu ana chumvi nyingi mno kwa mnyama wa kilo nne. Mpe samaki mara moja au mbili kwa wiki, aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, hupasuka ikawa kama sindano.

Mabaki ya samaki wa kupaka, biriani na mchuzi wowote wenye kitunguu au kitunguu saumu hayamfai. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Kwa paka wa kilo nne, gramu 20 za kitunguu maji zatosha kuleta madhara, na kitunguu saumu ni kikali zaidi.

Sasa chakula cha kupika nyumbani. Kwa kilo moja chukua gramu 800 za nyama ya mapaja ya kuku isiyo na mifupa (paja lina taurini nyingi kuliko kidari), gramu 150 za moyo wa kuku au wa ng'ombe, na gramu 50 za maini. Maini usiyaongeze hata akiyapenda vipi: yakizidi kwa miezi, vitamini A humjaa mwilini na mifupa ya shingo na uti wa mgongo huota na kushikana. Katakata vidogo, chemsha kwa robo lita ya maji kwa moto mdogo mpaka wekundu uishe ndani, na maji hayo usiyamwage. Yote yaliwe pamoja na nyama.

Kinachosahauliwa na karibu kila mtu ni kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi mara kumi na tano au zaidi ya kalsiamu, na paka anahitaji viwili hivyo vikaribiane. Asipopata, mwili huiba kutoka kwenye mifupa. Paka mchanga aliyelishwa nyama tupu huvunjika mguu kwa kuruka kutoka kitandani. Chukua maganda ya mayai, yachemshe dakika kumi, yakaushe, yasage yawe laini kama unga wa ngano. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, yaani kama gramu 5, kinatosha kilo nzima. Changanya nyama ikishapoa. Gawa katika vikopo; cha siku mbili tatu kikae kwenye friji, kilichobaki kigandishwe.

Paka wako anahitaji kama kalori 200 hadi 240 kwa siku, nazo ni gramu 110 hadi 130 za nyama hiyo ikiwa imepikwa, ukizigawa mara mbili au tatu. Lakini mapishi haya bado yamepungukiwa na vitamini E, iodini na vitu vingine vidogo. Yafanye nusu ya chakula chake, yaani gramu 55 hadi 65 kwa siku, na nusu nyingine iwe chakula kamili cha kununua, cha mkebe au kikavu. Muulize daktari juu ya taurini ya unga. Miligramu 250 kwa siku ni kiasi salama, na ziada mwili huitoa.

Usibadilishe kwa siku moja. Anza na robo ya chakula kipya ndani ya kile alichozoea, uongeze kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Wako wasemao, "Mwache, njaa itamfunza." Hilo ni kosa la hatari. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa aliyenenepa, mafuta huhamia kwenye ini na kulizima.

SWALI: Paka wangu dume amehasiwa, ana kilo nne na nusu. Namnunulia chakula kikavu cha kupimiwa kutoka gunia lililofunguliwa dukani, namjazia bakuli asubuhi na jioni. Amenenepa. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, na simwoni akinywa. Wiki iliyopita alichuchumaa mara nyingi bila mkojo kutoka, kisha akawa sawa. Nibadilishe nini?
*Kijana wa Kisauni*

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na mwisho wa barua yako. Paka dume anayechuchumaa na mkojo hautoki ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, huzibwa na vijiwe au uchafu, na ikiziba kabisa paka hufa ndani ya siku mbili tatu. Alipona mara hii. Huenda asipone mara ya pili. Mpeleke apimwe mkojo hata kama leo anaonekana mzima. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu: tembe moja ya parasetamo yaweza kumuua paka.

Maji ndiyo shina la tatizo lako. Paka wa uzito huo anahitaji takriban mililita 200 kwa siku au zaidi kidogo, chakula na kinywaji pamoja. Gramu 60 za chakula kikavu zina maji mililita 6 tu. Gramu 250 za chakula cha mkebe zina karibu 195. Kiu ya paka ni ndogo kwa maumbile, maana babu zake walipata maji ndani ya windo, basi ukimwachia chembe kavu na bakuli la maji ya chumvi umemkausha. Mpe maji ya mfereji au yale mnayokunywa nyinyi, kwenye bakuli pana, mbali na chakula na mbali zaidi na choo chake, uyabadilishe asubuhi na jioni. Nusu ya chakula iwe cha mkebe. Kikavu kilichobaki kitie maji ya uvuguvugu na akile ndani ya saa moja. Joto la kaskazi huchachusha haraka.

Kunenepa kumetokana na kujaza bakuli. Aliyehasiwa hutumia nguvu kidogo na hula zaidi. Chakula kikavu kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, hivyo akila kikavu pekee, gramu 55 hadi 60 zinamtosha siku nzima. Akila nusu cha mkebe, kikavu kiwe gramu 28 hadi 30. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kiganja hudanganya.

Gunia lililofunguliwa liache. Hujui lilifunguliwa lini. Kwa unyevu wa pwani mafuta yake huvunda na ukungu huingia. Nunua mfuko mdogo uliofungwa, wa kumalizika kwa mwezi mmoja, uuweke na karatasi yake ndani ya chombo chenye kifuniko cha kubana. Kwenye mfuko tafuta tamko kwamba ni chakula kamili cha paka, likitaja viwango vya AAFCO (vya Marekani) au FEDIAF (vya Ulaya) vya chakula cha wanyama. Cha mbwa hakifai, kwa kuwa hakikuwekewa taurini ya paka.

Mkebe ulioandikwa protini asilimia 10 usiudharau. Ukiwa na maji asilimia 78, kilichobaki ni 22, na 10 katika 22 ni asilimia 45. Kikavu cha asilimia 32 chenye maji 10 kinafika 36 hivi tu.

SWALI: Tumeokota vitoto viwili vya paka karibu na Marikiti, macho yamefunguka lakini hawajui kula. Tuwape maziwa ya ng'ombe au tui la nazi?
*Familia ya Majengo*

JIBU: Vyote viwili visitumike. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kitoto kinachoharisha hukauka maji ndani ya siku moja. Tui ni mafuta matupu. Tafuteni maziwa ya unga ya vitoto vya paka kwenye kliniki ya mifugo, muwape kwa chupa ndogo wakiwa wamelala kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Kabla ya hapo muwapashe joto, kwani kitoto kilichopoa hakisagi chakula. Wakifika wiki nne, anzeni kuwachanganyia chakula laini cha vitoto.

SWALI: Dada yangu atahamia Nyali na fereti wake, yule mnyama mrefu wa jamii ya kicheche. Naweza kumlisha chakula cha paka wangu?
*Msomaji, Nyali*

JIBU: Cha paka mzima kwa kawaida hakimtoshi, lakini kizuri cha vitoto vya paka, chenye kuku mwanzoni mwa orodha ya viungo, chaweza kumfaa. Fereti ni mla nyama kuliko hata paka. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa tatu au nne tu, basi hula mara nane au kumi kwa siku na bakuli lisikauke. Anataka protini ya nyama asilimia 35 au zaidi, mafuta karibu 20, na nyuzinyuzi chini ya 3. Kipimo ni kama gramu 50 hadi 70 za kikavu kwa kila kilo ya uzito. Matunda, zabibu kavu, mkate na maziwa asipewe. Fereti wa makamo hupata sana uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari ya damu, na madaktari wengi huushuku wanga. Akilegea miguu ya nyuma, akitoa mate na kukodoa macho, huenda sukari imeshuka: apakwe asali kidogo kwenye fizi na apelekwe kliniki.

Ladha alizozizoea kabla ya miezi sita ndizo anazozitambua kuwa chakula, kwa hiyo dada aje na akiba ya mwezi mzima ya kile anachokula sasa. Na aamue mapema chumba cha kumweka: joto likipita nyuzi 30 fereti huzidiwa, hana jasho la kumpoza, na Mombasa kati ya Januari na Machi hupita hapo karibu kila mchana. Bila chumba chenye kiyoyozi, asimlete.