Ubao wa Kuchapia wa Kijapani: Soma Masizi, Matundu na Nyufa Kabla Hujatoa Pesa

Ubao wa kuchapia, yaani mti uliochongwa picha ili upakwe wino na kuchapa picha hiyo kwenye karatasi, husomwa kinyume. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua unapoonyeshwa kipande cha mti kilichochongwa sura ya Fudō Myōō, yule mlinzi mkali wa Kibuddha anayekaa juu ya mwamba huku ndimi za moto zikimzunguka. Kwenye karatasi, upanga wake uko mkono wa kulia na kamba iko mkono wa kushoto. Kwenye ubao lazima mambo yageuke: upanga kushoto, kamba kulia, na maandishi yote yaonekane kama yanavyoonekana kwenye kioo. Ukikuta ubao wa Fudō mwenye upanga mkono wa kulia na maandishi yanayosomeka vizuri, huo haukuchongwa kwa ajili ya kuchapia. Ni pambo la ukutani, hata kama muuzaji anaapa kwamba umetoka hekaluni.

Kipimo hicho kinafaa kwa sura nyingine pia. Jizō, mtakatifu mlinzi wa watoto na wasafiri, hushika fimbo yenye pete mkono wa kulia na johari mkono wa kushoto. Yakushi, Buddha wa uponyaji, hubeba chombo cha dawa mkono wa kushoto. Jifunze hizi tatu kwanza, kwa maana utakutana nazo mara kwa mara.

Anayeanza kukusanya aanze na ofuda, sio mbao. Ofuda ni karatasi ya kinga inayotolewa na hekalu, na mtu huibandika mlangoni au huiweka mahali pa ibada nyumbani. Maarufu kuliko nyingi ni ile ya Tsuno Daishi, kiumbe mweusi aliyekonda mwenye pembe, ambaye ni sura aliyojigeuza mtawa Ryōgen (912–985) ili kufukuza maradhi. Mahujaji wanaozunguka mahekalu 88 ya Shikoku nao hupewa karatasi ndogo yenye picha ya Buddha au mtakatifu wa kila hekalu. Karatasi hizi zimekuwa rahisi kupatikana kwa muda mrefu, na makusanyo mazuri sana yamejengwa nazo: Frederick Starr wa Chuo Kikuu cha Chicago alizikusanya mpaka Wajapani wakampa jina la “Daktari wa Ofuda”, na Bernard Frank, mtaalamu Mfaransa wa mambo ya Japani, aliacha mkusanyo mkubwa kwenye taasisi ya Collège de France, Paris.

Desturi ni kuirudisha ofuda ya zamani hekaluni ikachomwe. Ndiyo maana ile iliyobaki mara nyingi imechakaa, ina moshi wa ubani na alama za gundi mgongoni. Usiione kuwa mbovu. Moshi na gundi vinakueleza kwamba karatasi ilifanya kazi yake.

Turudi kwenye ubao. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ishike karibu usawa wa ubao, kama nyuzi 15 hivi, kisha izungushe polepole. Ubao uliofanya kazi utakuonyesha mistari ambayo migongo yake imelainika na kung’aa, kingo zake zimeviringika kidogo kwa kusuguliwa. Wino wa masizi hupakwa kwa brashi, kwa hiyo hutiririka pembeni mwa mistari na kuganda kwenye pembe nyembamba, lakini sehemu pana zilizochimbwa hubaki na rangi ya mti, au kijivu chepesi, na alama za patasi zinaonekana wazi. Ubao uliokolea weusi ule ule kuanzia juu ya mistari hadi chini kabisa, na mpaka kwenye kingo za nje, umepakwa rangi ili uonekane mzee.

Angalia na mti wenyewe. Mbao bora zilikuwa za mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizobana, uliopasuliwa kwa urefu ili nyuzi zilale sambamba na uso wa mchongo. Mti laini haushiki mstari mwembamba wa kope au wa pindo la vazi, huvunjika upesi. Mara nyingi ubao umechongwa pande zote mbili, kwa kuwa mcheri mkavu ni ghali. Kwenye ncha mbili unaweza kukuta vipande vya mti vilivyopachikwa kukatisha nyuzi, vinaitwa hashibami, kazi yake ni kuzuia ubao usipinde. Kama vimepotea, ndimi au mifereji yake hubaki. Wengine hudai kento, yaani alama mbili zilizochongwa pembeni za kupangia karatasi, kama uthibitisho. Si kweli kwa mbao hizi: picha ya rangi moja haikuhitaji kupangwa rangi juu ya rangi, kwa hiyo kukosekana kwa kento si dosari.

Kuna vitu vinavyouzwa kwa jina hili visivyohusika. Vibao vya kukandia peremende na keki za mchele vimechimbwa shimo refu, picha iko ndani ya shimo, wakati ubao wa kuchapia picha yake imesimama juu. Mbao za Tibet na Nepali nazo huchanganywa na hizi, ila mwandiko wake huzisema. Zenye herufi za Kichina peke yake ni ngumu zaidi. Zikiwemo kana, yaani herufi za Kijapani zenyewe, umeshika Japani.

Geuza mgongo. Pengine kuna maandishi ya brashi: jina la hekalu, la aliyetoa sadaka, na mwaka wa enzi. Hesabu yake ni rahisi: enzi ya Bunka ilianza 1804, na mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa 1, kwa hiyo Bunka 5 ni 1804 jumlisha 5 toa 1, yaani 1808. Jihadhari na mwezi wa 12. Japani ilianza kutumia kalenda ya sasa Januari 1, 1873, na kabla ya hapo mwishoni mwa mwaka wao mara nyingi ulikuwa tayari ni mwaka mpya kwetu.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa: tarehe ya ubao si tarehe ya chapa, yaani karatasi iliyochapwa kwa ubao huo. Huko Uji, karibu na Kyoto, hekalu la Manpuku-ji linatunza mbao zipatazo 60,000 za maandiko ya Kibuddha zilizochongwa karne ya 17 kwa juhudi za mtawa Tetsugen, na mpaka leo zinachapwa. Karatasi inayotoka pale mwaka huu ni mpya, mchongo wake una zaidi ya miaka 300. Ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Kumtazama mchapaji akipaka wino na kusugua kutakufundisha kuliko picha mia.

Kwa chapa, basi, tafuta umri kwenye karatasi na kwenye majeraha ya ubao. Karatasi ya kozo, mmea wa jamii ya mforsadi, ina nyuzi ndefu. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona nyuzi hizo na vivuli vya mianzi ya ungo wa kutengenezea karatasi. Mgongoni tafuta mng’ao wa miduara, alama ya bareni, kile kisuguo bapa kilichofunikwa ganda la mwanzi. Chukua lenzi ya mara 10 uangalie ukingo wa mstari. Ukiona vitone vilivyopangwa, hiyo ni kazi ya mashine. Karatasi iliyozeeshwa kwa chai ni kahawia kwa usawa, hata ndani ya mikunjo. Moshi wa kweli hukolea nje na kupungua ndani.

Kisha matundu. Tundu la mdudu kwenye karatasi hupitisha mwanga. Doa jeupe la duara katikati ya wino, karatasi ikiwa nzima, ni tundu lililokuwa kwenye ubao. Ufa nao hutoka kama mstari mweupe unaofuata nyuzi za mti na kukata picha. Ukiwa na chapa mbili za ubao mmoja, hesabu madoa na nyufa: yenye vichache ndiyo ya mwanzo. Ukiwa na ubao pamoja na chapa, kila doa kwenye chapa lazima lilingane na tundu kwenye ubao, ingawa ubao unaweza kuwa na matundu zaidi, yaliyotobolewa baadaye.

Kwa sababu hiyo, usiuoshe ubao, usiupake mafuta, na usiuchape. Maji huvimbisha mti na kung’oa mistari iliyolegea, na wino mpya hufunika ule unaokupa ushahidi. Ukitaka kuona picha ilivyo, upige picha kwa tochi ya pembeni kisha uigeuze kwenye simu.

Ubao ukifika, uache siku chache kwenye boksi lake ili uzoee hewa, halafu uweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki tatu au nne. Unga mweupe ukidondoka chini ya matundu bila ubao kuguswa, bungua yu hai. Ufunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa, usiufungue kwa saa 24, ili umande ugande nje ya plastiki na sio kwenye mti.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu ndio tatizo kubwa. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70. Lenga 45 hadi 55, kwa boksi linalofunga vizuri, silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Usiuhamishe ubao ghafla kutoka veranda hadi kwenye chumba cha kiyoyozi, utapasuka. Chapa zihifadhi kwenye karatasi zisizo na asidi. Selotepu marufuku: bawaba ndogo za karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano zinatosha.

Mwisho, uliza ubao ulitokaje hekaluni. Baada ya 1868, serikali ilipotenganisha Ushinto na Ubuddha, mahekalu mengi yalibomolewa na mali zake zikatawanyika, kwa hiyo kuna mbao nyingi zilizotoka kwa njia hiyo. Lakini ikiwa jina la mgongoni ni la hekalu lililo hai, na muuzaji hana maelezo, liandikie hekalu kwanza. Chini ya sheria ya 1950, vitu vilivyosajiliwa kuwa urithi muhimu wa taifa haviruhusiwi kutoka Japani bila kibali. Kwa kitu cha kale kisichosajiliwa, mwombe muuzaji cheti cha Idara ya Utamaduni kinachothibitisha hivyo, na kitunze pamoja na ubao.