Nusu shekeli kwa tajiri, nusu shekeli kwa maskini

Wiki hii mmeuliza: "Ikiwa watu wote wana thamani ileile mbele za Mungu, mbona Walawi 27 inamwandikia mwanamume shekeli 50 na mwanamke 30?" Wahubiri wengi sura hiyo huiruka, ndiyo maana swali linazidi kurudi.

Walawi 27 inahusu nadhiri. Aliyejiweka wakfu kwa Bwana, au aliyemweka wakfu mtu wa nyumbani mwake, alilipa fedha badala ya mtu mwenyewe kukabidhiwa hemani, mahali pa ibada pa Waisraeli. Wa miaka 20 hadi 60 ni shekeli 50 kwa mwanamume na 30 kwa mwanamke. Wa miaka 5 hadi 20 ni 20 kwa 10, mtoto wa mwezi mmoja hadi miaka 5 ni 5 kwa 3, na aliyefikisha 60 ni 15 kwa 10. Shekeli moja ilikuwa kama gramu 11 za fedha, kwa hiyo 50 ni zaidi ya nusu kilo. Sura haitaji sababu ya tofauti hizo, lakini viwango vinapanda na kushuka na nguvu za mwili, tangu utotoni hadi uzeeni. Ni hesabu ya kazi. Fundi na saidia fundi hawalipwi sawa jioni, na hakuna anayesema kwamba mmoja ni mtu kuliko mwenzake. Kisha uko mstari wa 8, ambao husahaulika: aliyeshindwa kiwango chake apelekwe kwa kuhani, akadiriwe kwa kadiri ya uwezo wake. Kama utu ndio uliokuwa ukipimwa, ungeshukaje kwa sababu mfuko ni mtupu?

Linganisheni na Kutoka 30:11-16. Pale kinachozungumzwa ni ukombozi wa nafsi yenyewe, na kiwango ni kimoja: nusu shekeli, yaani gera 10 (shekeli moja ni gera 20). Tajiri amekatazwa kuongeza, na maskini amekatazwa kupunguza. Katazo la kwanza ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu kumzuia mwenye nacho asitoe zaidi ni jambo ambalo kamati zetu za fedha haziliwezi hata kidogo.

Fedha hiyo ilikwenda wapi? Kutoka 38:25-28 inatoa mahesabu yote. Wanaume 603,550 walitoa jumla ya shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo zilipatikana talanta 100 na shekeli 1,775 juu yake. Talanta 100 zikayeyushwa kuwa vitako 100 vya kusimamishia hema, talanta moja kwa kitako kimoja, na zile 1,775 zikatengenezewa kulabu za nguzo. Kila kitako kina nusu shekeli 6,000 ndani yake. Ikishayeyushwa, nani angeonyesha ya kwake ni ipi?

Msomaji makini atasema: waliohesabiwa walikuwa wanaume tu, tena wa miaka 20 na kuendelea. Ni kweli. Ile ilikuwa hesabu ya watu wa vita, kwa hiyo sura hiyo peke yake haitoshi kusema lolote juu ya mwanamke na mtoto. Msingi uko Mwanzo 1:27, ambapo mwanamume na mwanamke wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na mstari huo hautaji kazi wala umri. Mwanzo 9:6 inarudia jambo hilo baada ya gharika, wakati dhambi imeshaingia, na Yakobo 3:9 inalitumia kutukataza kuwalaani watu. Anayefundisha somo hili aanzie hapo, aende Kutoka 30, ndipo afike Walawi 27. Ukianza na Walawi, darasa litabishana juu ya 50 na 30 mpaka muda uishe.

Mathayo 17:24-27 nayo isomwe. Watoza wa nusu shekeli ya hekalu wanamwendea Petro, na ndani ya kinywa cha samaki inapatikana shekeli moja inayotosha wawili, Yesu na yeye. Bwana na mvuvi wake wanatoa sawasawa.

Kosa linalofanyika makanisani ni kuvichanganya viwango hivi viwili, kile cha uwezo na kile cha nusu shekeli. Kamati inatangaza mchango wa ujenzi wa kiasi kimoja kwa kila kaya, inataja nusu shekeli kama ushahidi, na mjane anayeuza mchicha anajikuta na deni sawa na la mwenye magari matatu. Lakini nusu shekeli ilikuwa kiasi kidogo. Vifaa vingine vya hema vilitokana na aliyeguswa moyo (Kutoka 35), na hata sadaka ya dhambi ilikuwa na ngazi: mwana-kondoo, au njiwa wawili, au sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka) ya unga (Walawi 5:6-11). Kwa hiyo ujenzi uchangiwe kwa uwezo. Usawa ubaki kwenye yale yanayomgusa mtu kama mtu: kiti, ubatizo, kutembelewa akiugua, kuzikwa.

Katika kutangaza, soma jumla tu. Bahasha ziwe na namba, na orodha ya namba na majina ishikwe na mhazini na mtu mmoja wa pili, isibandikwe ukutani. Majina yakisomwa kuanzia aliyetoa nyingi, wa mwisho hawatajwi kabisa au wanatajwa watu wakishaanza kuinuka, na Jumapili ijayo hawaji. Wazee wa kanisa nao waache kuhifadhi viti vya mbele kwa wageni wenye majina. Yakobo 2:2-4 inaeleza tukio hilohilo, pamoja na pete ya dhahabu.

Kubaya zaidi ni msibani. Kukataa kumzika mtu kwa sababu kadi yake ya zaka ina miezi mitupu, au kwa sababu hakuonekana kwenye jumuiya, ni kumtoza maiti nadhiri ambayo hata kuhani wa Walawi 27 angeipunguza. Kama kuna deni, lifuatiliwe mtu akiwa hai: mzee wa kanisa aende nyumbani kwake, aulize kilichotokea, na kamati iwe na ruhusa iliyoandikwa ya kulifuta. Ruhusa hiyo ipitishwe na baraza mapema, maana hakuna anayeijadili vizuri jeneza likiwa limeshafika mlangoni.