Ukitumwa mafunzoni ng'ambo, nenda na shida ya kazini kwenu

Kiwanda chetu cha chumvi kiko Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Nilipochaguliwa kwenda Gujarat, India, wiki tatu, nilianza kuwaza sanduku na nguo. Mzee mmoja aliyezeekea kwenye mabwawa tunamokaushia maji ya bahari akaniambia, "Mwanangu, nguo hata huko zipo. Chukua daftari letu la vipimo, na chumvi yetu kidogo."

Kabla ya daftari, hakikisha kadi ya manjano. Msafiri kutoka Kenya akifika India bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na cheti chenyewe huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Mimi nilichanjwa siku 12 kabla ya ndege, na sikulala vizuri hata usiku mmoja. Chanjwa mapema, sindano hiyo siku hizi inatosha maisha yote.

Uliza pia msimu. Gujarat mvua hunyesha Juni hadi Septemba, na mvua ikinyesha mabwawani hakuna cha kujifunza.

Siku mbili za mwanzo nilinakili kila kilichoandikwa ubaoni, na kichwani hakikubaki kitu. Siku ya tatu nikamfungulia msimamizi wa zamu daftari letu. Maji ya bahari hupima kama 3.5 kwenye kipimo cha Baumé, kinachoonyesha maji yamekolea chumvi kiasi gani, na chumvi huanza kuganda yakikaribia 25. Hayo tulikuwa tukiyajua. Swali letu lilikuwa jingine: mbona chumvi yetu hulowa ikashikana mabonge gunia likikaa ghalani?

Alionja chumvi yangu, akakunja uso: chungu. Akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho ya vipimo, akasimama penye 31. Tulikuwa tunachelewa kumwaga. Maji yakifika 29 hivi yaondolewe, kwa kuwa yanayobaki yamejaa magnesiamu, nayo ndiyo inayovuta unyevu. Kisha akanipeleka kwenye mashine ya kuoshea, nikaona chumvi ikioshwa kwa maji ya chumvi yaliyokolea, maana maji matamu yangeiyeyusha. Saa moja ile ilinifaa kuliko darasa zima, na nisingeipata bila lile daftari.

Chakula ni dengu, mboga na chapati. Sisi wa samaki tunavumilia. Mafundi wenzako waite "bhai", yaani ndugu, na keti nao wanapokunywa chai. Mengi ya mikono niliambiwa hapo. Yaandike usiku huohuo, kwa sababu niliyoyaahirisha hadi Jumapili yalipotea.

Nilirudi Jumamosi. Jumatatu alfajiri nilikuwa bwawani na yule mzee, nimeinama na kipimo.

"Ngapi?"

"Ishirini na nane na nusu."

Akachukua jembe, akaelekea kwenye mlango wa maji.