Tuanze na breki au taa?

SWALI: Mhariri, mimi na binti yangu wa miaka 16 tunalifufua Land Rover Series III aliloliacha marehemu babu yake. Yeye anataka tuanze na taa kali, ilhali pedali ya breki huzama mpaka uikanyage mara mbili. Tuanzie wapi? Baba, Tanga.

JIBU: Anzeni na breki, ndugu yetu, na gari lisitoke uani kabla hazijapona. Modeli hiyo ina breki za drum (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, na dalili uliyoieleza mara nyingi hutokana na shuu (vipande vinavyobana ngoma hiyo kutoka ndani) zilizolika au zisizorekebishwa, ama hewa iliyoingia kwenye mabomba. Rekebisheni shuu, kisha badilisheni maji ya breki, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani. Kutoa hewa kunahitaji watu wawili: wewe ukanyage pedali na kuishikilia, naye binti, akiwa kando ya gurudumu na spana, afungue nipeli (skrubu ndogo ya kutolea hewa), atazame mapovu yakipita kwenye kibomba cha mpira mwangavu kilichochomekwa hapo, aifunge, ndipo akwambie uachie. Gari likae juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Taa zisubiri nyaya zikaguliwe.