Ukwaju mtamu: mche wa mbegu usiuguse

Ndugu yangu wa Kiwangwa, hiyo hela usiitume kwanza. Umeuliza nafasi ya kupandia, mbolea na soko la ukwaju mtamu, lakini mimi nimekwama pale uliposema kuna jamaa anakuuzia miche 80 iliyooteshwa kwa mbegu za Thailand. Usinunue hata mmoja!

Mimi niko Pongwe, Tanga. 2012 nilionjeshwa ukwaju wa boksi, mtamu kama tende, nikaambiwa miche hii ndo watoto wake. Nikachukua 60, nikakata minazi 11 ya marehemu baba ambayo bado ilikuwa inazaa ili nipate nafasi ya mita 10 kwa 10, viangazi viwili nabeba ndoo kichwani kumwagilia, halafu nikasubiri. 2020 ndo nikaona matunda. Nikapasua ganda kwa dole gumba, nikavuta zile nyuzi, nikatia mdomoni, meno yakafa ganzi. Nikaenda mti wa pili, wa tatu, yale yale. Ukwaju wa juisi ya kufuturia, ambao huku kwetu unajiotea wenyewe porini hamna anayeumwagilia!

Na yule muuza miche alijua. Mtu anayekula kwa kazi hiyo hawezi kukosa kujua, alinitazama nalipa akanyamaza, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Ua la mkwaju linachavushwa na nyuki, chavua inaweza kutoka mti wowote, kwa hiyo mbegu ya tunda tamu inaweza kukupa mti mchachu na utajua baada ya miaka saba au zaidi. Thailand kwenyewe aina tamu kama Sithong wanaziendeleza kwa kubebesha, yaani kikonyo cha mti mtamu kinaunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Mche wa kubebesha unaanza kuzaa miaka mitatu minne hivi. Ukiushika pitisha kidole kwenye shina kuanzia chini, lazima ukute kovu la kiungo, gome la juu na la chini havifanani. Shina likiwa laini moja kwa moja rudisha. Halafu akupeleke kwenye mti mama uchume uonje mwenyewe, habari za boksi akae nazo.

Mimi nimeikata vichwa miti 14, fundi kaweka vikonyo vya mti mtamu, tisa imeshika. Minazi ya baba ndo hairudi.

Piga picha shina la huo mche uiweke hapa leo leo, kabla hujalipa.