Mrututu kwenye bwawa la samaki: jua kwanza unachotaka kuua

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Bwawa langu la perege lina urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha wastani cha mita 1.2. Awali maji yalikuwa ya kijani tu. Siku hizi yanaibuka mabonge ya kijani yanayoteleza, yamejaa mapovu, na pembezoni kuna vijani vidogo mno vinavyoelea. Jirani kanishauri nimwage mrututu (salfeti ya shaba). Niweke kiasi gani?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Usimwage chochote kwanza. Kwa maelezo yako nahesabu viumbe wa aina tatu, na mmoja wao ni chakula cha hao perege wako.

Ule ukijani wa awali ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea katika maji yote. Huo ndio unaolisha samaki na kuwapa oksijeni mchana. Uupime badala ya kuukisia: funga kisahani cheupe kwenye kijiti chenye alama za sentimita, ukizamishe taratibu mchana hadi kipotee machoni. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, mambo ni mazuri. Kikipotea kabla ya 20, mwani umezidi. Punguza chakula na usitie mbolea. Kikionekana hata kupita 60, mwanga unafika hadi chini, na hapo ndipo kizaazaa cha mabonge huanzia.

Mabonge hayo huota kwenye tope, si juu ya maji. Ni nyuzi za mwani. Jua likiwaka zinatoa oksijeni, mapovu yananaswa ndani yake, na bonge zima linainuka. Chovya fimbo, uizungushe, kisha uinue. Zikining'inia kama nywele zilizolowa, ni mwani wa nyuzi. Zinazoteleza sana kwa kawaida ni spirogira. Zinazokwaruza vidole ni jamaa zake sugu, ambazo dawa huzisumbua kidogo tu. Ukiona kitu chenye matawi kama mmea kamili, kina chengachenga za chokaa na kinanuka kama kitunguu saumu, hiyo ni kara. Nayo ni mwani, ijapokuwa wengi huiita gugu.

Lakini fimbo ikitoka imepakwa kitu kama rangi ya mafuta, kijani kibichi au chenye ubuluu, simama hapo hapo. Huenda ni bakteria wa kijanibuluu, na baadhi yao hutoa sumu inayoua mbwa na ng'ombe. Usiingie majini, zuia mifugo isinywe, na usidhani kuchemsha maji kunaiondoa sumu hiyo. Hapa mrututu unaweza kuongeza madhara, maana seli zikipasuka kwa mpigo humwaga sumu yote majini.

Vijani vya pembezoni viweke kwenye kiganja. Kijani kimoja chenye mzizi mwembamba kwa chini ni lemna. Punje zisizo na mzizi, ukizisugua mkononi unahisi chenga kama za unga wa mahindi, ni wolfia. Vikiwa vimepandana kama magamba na vina wekundu, ni azola. Vyote hupenda maji yaliyotulia yenye rutuba nyingi. Vikokote kwa wavu siku ambayo upepo umevisukuma upande mmoja, vinakusanyika vyenyewe. Lemna na azola bata huzila vizuri, ilimradi maji hayana ule utando wa rangi.

Sasa mrututu. Kipimo chake hutegemea ualkali wa maji, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, unaopimwa kwa miligramu kwa lita: gawanya ualkali kwa 100, upate miligramu za mrututu kwa kila lita. Bwawa lako lina mita za ujazo 360. Kama ualkali ni 100, jumla ni gramu 360 kwa bwawa zima. Ualkali ukiwa chini ya 50, achana nao kabisa, kwani shaba inaua samaki. Na hata ukiruhusu, usitibu bwawa lote kwa siku moja. Mwani uliokufa huoza, kuoza hula oksijeni, na alfajiri ndipo oksijeni huwa imepungua kuliko saa nyingine yoyote. Wengi wanaopoteza samaki baada ya kutia dawa hupoteza kwa njia hii, si kwa sumu ya dawa yenyewe. Ndiyo maana hutibiwa theluthi moja, kisha unasubiri kama wiki mbili.

Kwa bwawa la mita za mraba 300, mimi nisingeutumia. Shaba haiozi, inabaki kwenye tope. Reki yenye mpini mrefu na kamba vinatosha: watu wawili wavute mabonge hadi ukingoni, wayapeleke mbali ili maji yake yasirudi bwawani. Kila bonge unalotoa linaondoka na fosforasi na nitrojeni yake. Ukiliua ndani, vyote vinabaki kulisha kizazi kinachofuata.

Kisha tafuta rutuba inatoka wapi. Chakula kinachobaki baada ya dakika chache ni kingi mno. Samadi, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka shambani, huja na rutuba nyingine. Acha ukanda wa majani mazito kuzunguka bwawa. Kingo zako zikiwa na kina kidogo, zichimbe zifike angalau sentimita 60, kwani huko kwenye maji ya kina kifupi ndiko mimea inakoanzia. Samaki aitwaye kapu anayekula majani (grass carp) watakusifia sana. Hupenda mimea laini iliyozama, nyuzi huzila akikosa kingine, na sehemu nyingi hafugwi bila kibali.

Ukiona perege wanapanda juu alfajiri wakihema, sitisha chakula siku hiyo na uingize maji mapya mara moja.