Kabla Hujakodi Viti

Nilikodi viti 60 ili watu waje kunisikia nikisoma mashairi yangu, kila kimoja shilingi 500. Walikuja watu saba, na mmoja wao alikuwa mwenye viti, amekuja kulinda mali yake.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Dodoma anajua upepo wa Julai ulivyo. Ukumbi niliokuwa nimeulipia kianzio walipewa watu wa kicheni pati siku mbili kabla, kwa hiyo nikahamia uwanjani, chini ya mti, saa kumi na moja jioni, sweta juu ya kitenge. Nilikuwa na mashairi kumi na moja kwenye karatasi ambazo sikuzibana hata kwa pini. Katikati ya shairi la tatu upepo ukazichukua mbili, ukazipachika kwenye ua wa michongoma. Kijana mmoja akakimbia kuzifuata, akanirudishia zimechanganyika, nami kwa kiwewe nikasoma ubeti wa saba baada ya wa pili, kisha nikarudi kwenye wa tatu. Hakuna aliyeshtuka. Watu saba wamekaa, wanatikisa vichwa kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba shairi limevurugika.

Upepo niliusamehe siku hiyohiyo. Hilo la watu kutogundua lilinikaa rohoni kwa miezi.

Nina steshenari ndogo Makole. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, risala za mahafali, ratiba za sendofu, wasifu wa marehemu. Kila baada ya siku chache anakuja mtu na daftari, au na flashi, anataka nimchapie mashairi yake. Tukishamaliza kuhesabu kurasa ananiuliza kwa sauti ya chini: dada, hivi nikitaka watu wayasikie nafanyaje? Huwa namjibu huku tunasubiri printa ipate moto, na printa yangu si ya kuipa mtu muda mrefu. Leo nayaandika.

Jibu langu la kwanza halipendwi: usiite watu. Bado. Watu wameshakusanyika tayari, wewe nenda walipo. Mahafali ya darasa la saba, ubatizo, maulidi, kikao cha kikoba, Jumapili ya shukrani, Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi. Tangu watumishi wa serikali waanze kuhamia huku mwaka 2016, mji huu wikiendi haukosi turubai lililofunga mtaa. Na kila shughuli ina saa moja ambayo haimo kwenye ratiba, nayo ni saa ya kumsubiri mgeni rasmi. Mshereheshaji ameshapiga nyimbo zote alizokuja nazo, vichekesho vimemwishia, anatafuta chochote cha kuzibia pengo. Hiyo ndiyo nafasi ya mshairi. Mara tano za kwanza nilizopanda jukwaani, tatu nilipandishwa kwa sababu gari la mgeni rasmi lilikuwa bado linapita Gairo, huko Morogoro.

Kwa hiyo jitambulishe kwa washereheshaji kabla hujajitambulisha kwa washairi wenzako. Mwambie una shairi la dakika tatu, na kweli liwe la dakika tatu. Ubeti mmoja wa tarbia, yaani wa mishororo minne, ukiughani bila papara unachukua kama nusu dakika, basi piga hesabu mwenyewe: beti sita. Walimu wa Kiswahili nao uwafahamu, maana tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, wanatafuta watu wa kughani. Waone mwezi wa tano. Ukienda tarehe 5 Julai utakuta nafasi zimeshachukuliwa na watoto, na watoto wanaghani kuliko wewe.

Sasa nije kwenye lile lililonikaa rohoni.

Miezi miwili baada ya viti vyangu 60 kulikuwa na harusi ya binamu yangu, kijiji kimoja huko Chamwino. Wakaanza akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamezibana ngoma mapajani, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, vumbi limesimama hewani kama pazia. Walipopumzika, mshereheshaji akaita mshairi kutoka mjini. Nikasimama, nikawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", uwanja mzima ukaitikia. Nikadhani nimewapata. Nikafungua shairi la ndoa, beti kumi na nne. Kwenye ubeti wa nne nikasikia mifuniko ya masufuria. Kwenye wa tisa nilikuwa nawaghania watoto na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mpera.

Baadaye bibi mmoja, katika wale waliokuwa wanapiga muheme, akanishika mkono tukiwa kwenye foleni ya pilau. Akasema: "Mjukuu wangu, Kiswahili chako kizuri. Lakini umeimba peke yako. Sisi ulitaka tufanye nini?"

Nilirudi mjini na daladala nikilitafuna swali hilo. Nilipokuwa naandika nilijiuliza sana watu watahisi nini. Watafanya nini, sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Nao wale ni watu waliokulia kwenye nyimbo ambazo ukianzisha, mwingine anapokea. Ukiwakalisha kimya dakika saba unakuwa kama umewafunga mikono.

Kumbe hata kwenye vitabu jambo hili lipo, tulilisoma sekondari tukafaulu mtihani tukalisahau. Ngonjera ni nini, kama si shairi la watu waliosimama, huyu anauliza na yule anajibu? Na Mathias Mnyampala, aliyezifanya ngonjera zijulikane nchi nzima miaka ya 1960, alikuwa Mgogo wa hapahapa Dodoma. Mimi napenda kuamini kwamba ngoma za nyumbani zilikuwa masikioni mwake alipokuwa anaziandika. Hilo ni la kwangu, usilipeleke kwenye mtihani.

Nikaandika shairi jipya, safari hii nikianza na kibwagizo kabla ya kitu kingine chochote. Nikauandikia ule upepo ulionichukulia karatasi. Ubeti wa kwanza ni huu:

Upepo huu wa kwetu, una vumbi na baridi,
Wabeba kofia zetu, na barua za ahadi,
Waingia ndani mwetu, kila siku bila hodi,
Upepo sema na watu, usiwe kama hasidi.

Hesabu mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Sasa tazama mshororo wa mwisho. Mimi natamka ukwapi, "Upepo sema na watu", nanyamaza, halafu nawaachia watu utao: "usiwe kama hasidi". Maneno matatu tu. Nawafundisha kabla sijaanza, tunajaribu mara mbili, mara ya pili huwa wanacheka kwa sababu wazee wa meza ya mbele hulivuta lile "hasidi" kama wanamjua mhusika. Kufika ubeti wa tatu hata vijana waliosimama kwenye makreti ya soda wanaitikia. Kwenye wa tano nanyamaza mimi, natazama tu, wanamalizia wenyewe.

Nikisoma beti hizo nje ya mpangilio siku hizi, nina hakika mtu atanikatisha.

Kuna anayeniuliza kuhusu mashairi huru. Nayapenda, nayasoma kitandani. Lakini kwenye sendofu yenye spika mbili zinazokoroma na mtoto anayelilia keki, vina ndivyo vinavyomshika msikilizaji mkono. Ukiwa na shairi huru tafuta mstari mmoja unaorudi, uurudishe mara tatu, nne, ili watu wajue mlango uko wapi.

Mambo ya mikono na sauti nayapitia haraka. Chapa kwenye kadi ya manila, isiwe karatasi laini. Kadi haipeperuki wala haionyeshi kwamba unatetemeka. Maandishi ukubwa wa 18, beti tatu kwa kila kadi, namba juu pembeni, na hizo namba usizidharau kama mimi. Kati ya ukwapi na utao chora mkwaju (/) kwa kalamu nyekundu, hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Maikrofoni iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, la sivyo kila "p" na "b" zinapiga kama kofi. Usilieleze shairi kabla ya kulisoma. Mtu akianza na "shairi hili nililiandika kipindi ambacho", nami naanza kutafuta pochi yangu.

Watu wakija kukutuza, na watakuja, wakikubandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, endelea kughani. Mtafute mtu wa kuziokota. Tuzo ni tuzo, lakini aliyekuita umdai nauli tangu mwanzo, kwa maneno yaliyonyooka, maana "tutakuangalia" haijawahi kumfikisha mtu Nkuhungu saa nne usiku.

Nimebakiza msiba, ambao ningependa kuuruka.

Alikuja mteja kuchapa wasifu wa baba yake, akaniomba niongeze beti chache nizisome mwenyewe siku ya mazishi. Nikamwuliza maswali ya kawaida: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Wanne, akasema. "Wanne" lilikaa vizuri kwenye kina, nikaliweka mwisho wa mshororo na nikalirudia kwenye kibwagizo. Siku ile, wasifu uliposomwa, nikaitwa. Nilipofika kwenye neno lile mara ya kwanza, dada mmoja aliyekaa nyuma kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, aliinua uso. Mara ya pili akasimama akatoka. Akina mama wawili wakamfuata. Nilikuwa na ubeti mmoja bado, na ndani yake neno lile lilikuwa linanisubiri tena, nami nikalisoma, kwa sababu nilikuwa nalisoma kwenye kadi na sikujua niweke nini mahali pake.

Jirani ndiye aliyenieleza baadaye. Yule dada alikuwa mtoto wa tano, wa mama mwingine, amesafiri usiku kutoka Singida kuja kumzika baba yake.

Wasifu nao ulisema wanne, niliuchapa mwenyewe. Lakini wasifu husomwa haraka, watu wameinamisha vichwa. Mimi neno lile nililighani. Nililirefusha.

Tangu hapo msibani nasoma beti mbili tu, hazina hesabu ya watoto, wake wala mali. Namwonyesha maandishi shangazi au mjomba wa marehemu, si yule aliyenilipa peke yake. Na huwa nauliza swali moja: kuna mtu ambaye hayumo humu? Mara nyingi wanasema hapana upesi. Wakikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, nafuta jina la kila mtu, shairi linabaki la Mungu na udongo. Na kama ukoo haujakubaliana iwapo kughani msibani kwao ni sawa, nasoma kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma barua.

Baada ya hayo yote, ndipo sasa ita watu wako. Sisi tulianza mbele ya duka langu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja, jua likiwa limepoa. Benchi mbili, birika la kahawa, kashata. Hakuna viti vya kukodi. Tulikuwa wanne, siku hizi tunafika hata kumi na wanane: fundi cherehani, mwalimu wa sayansi, mtumishi mmoja wa wizara aliyehamia kutoka Dar es Salaam na bado analalamikia midomo kukauka, na kijana wa bodaboda wa kituo cha jirani, ambaye kwa kweli ndiye mshairi kuliko sisi wote. Wengine ni watu waliokuja kutoa kopi ya kitambulisho wakakaa.

Tuna utaratibu mmoja. Kila mtu analeta shairi moja, analisoma mara mbili. Baada ya mara ya kwanza hakuna kusema neno. Baada ya ya pili, kila msikilizaji anataja mshororo mmoja alioushika kichwani, bila kutazama popote. Hakuna sifa wala uchambuzi. Ukisikia watu sita wametaja mshororo uleule, umeshajua. Usiposikia chochote, umeshajua pia, na hakuna aliyekutukana. Mwalimu wetu wa sayansi alikaa miezi mitatu hakuna aliyeshika mshororo wake hata mmoja. Mwezi wa nne alileta shairi kuhusu mama yake anachambua mlenda, na fundi cherehani akautaja ubeti mzima.

La mwisho, usisome kwenye simu. Nimemwambia sana yule wa bodaboda, anasema manila haikai mfukoni mwa koti la pikipiki. Jumamosi iliyopita alikuwa ubeti wa tatu, sauti imepanda, mtaa umetulia, hata mama wa karanga ameacha kukaanga, simu ikaita mkononi mwake, abiria yuko soko la Sabasaba na mizigo. Akapokea. Akasema, "Mama, naomba unisubiri beti mbili." Kimya kidogo. Kisha tukaisikia sauti ya yule mama, maana spika ya simu yake ni mbovu, haizimiki: "Beti za nini? Haya soma, nami nisikie."